Saul Bass: Jamaa aliyekataa pazia lifungwe kabla muvi haijaanza

Wacha nikuulize kitu. Ukifungua series usiku, umejifunika blanketi, bando imebaki kidogo, kidole chako hukimbilia wapi? Usinidanganye. Kinaenda kwenye kile kitufe cha pembeni kinachokuruhusu kuruka mwanzo. Hata mimi ni hivyo hivyo. Majina ya watu usiowajua yanapita, muziki unalia, na wewe unataka tu kujua nani anakufa kwanza.

Nikiwa mtoto kule Kayole tulikuwa na kibanda cha video. Mabati, mbao juu ya mawe, kiingilio shilingi kumi. Mwenye kibanda alikuwa na rimoti iliyofungwa na raba ili betri zisianguke, na kila muvi ilipoanza kazi yake ya kwanza ilikuwa kupeleka mbele. Majina yakitokea tu, umati wote unamzomea. Alikuwa anajua kabisa mahali pa kusimamisha, pale mtu anapopiga ngumi ya kwanza. Nimekaa miaka nikiamini muvi huanzia hapo.

Sasa hebu tucheze mchezo. Nakupa mwanzo, wewe unaniambia ni muvi ya aina gani. Gari moja dogo, limepigwa picha kutoka juu kabisa, linapita barabara yenye msitu pande zote, familia iko ndani, muziki ni mzito na hauna haraka. Si umeshajua? Nyumba wanayoenda ina shida. Haya, jiji usiku, taa zinametameta, na sauti ya mwanamume anaanza kusimulia vile aliingia kwenye maisha: hao ni majambazi. Saa inalia, dada anaruka kitandani amechelewa, kahawa inamwagikia blauzi nyeupe: mapenzi, na kabla ya dakika kumi atagongana na kijana mtanashati. Maandishi meupe kwenye skrini nyeusi, mwaka na jina la mahali, halafu ngurumo ya ndege: vita. Vumbi, farasi mmoja mbali sana, hakuna anayesema neno: makauboi.

Umepata zote na hakuna mwalimu aliyekufunza. Hayo ni makubaliano kati yako na anayetengeneza muvi. Anakupa ishara mbili tatu, nawe unajipanga kuogopa, kucheka au kulia. Ni kama matatu tu. Kabla hujapanda unaangalia mchoro wa ubavuni, unasikia besi, na unajua safari itakuwa ya aina gani. Walioyajenga makubaliano hayo ni wengi, lakini kuna mmoja huwezi kumpita. Anaitwa Saul Bass.

Alizaliwa tarehe 8 Mei 1920 mtaa wa Bronx, New York. Wazazi wake walikuwa Wayahudi waliohamia Marekani kutoka Ulaya Mashariki, na baba yake alikuwa fundi wa mavazi ya manyoya. Familia ya kawaida, watu wa kazi ya mikono. Kijana alipenda kuchora, na alipomaliza sekondari akaanza kujifunza sanaa kwa vipande vipande huku akifanya kazi katika ofisi za matangazo. Baadaye akawa anahudhuria masomo ya jioni Brooklyn College. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo watu waliosoma usiku baada ya kazi huwa wananigusa mahali.

Huko Brooklyn alikutana na mwalimu mmoja kutoka Hungary, György Kepes. Huyu alikuwa na imani kwamba mstari, umbo na nafasi tupu vinaongea hata kama hakuna neno lililoandikwa. Leo jambo hilo linasikika kama la kawaida. Wakati huo matangazo ya muvi yalikuwa soko la Gikomba siku ya Jumamosi: wapenzi wanabusiana huku, bastola kule, farasi, mji unaungua, sura za waigizaji watano, na maneno juu ya kila nafasi iliyobaki. Walitaka kila mtu apate kitu cha kumvuta. Bass alitoka kwa Kepes akiwa na wazo la kinyume kabisa. Tafuta kitu kimoja kinachobeba hadithi yote, kisha tupa vingine.

Mwaka 1946 alihamia Los Angeles, akaendelea na matangazo, kisha akafungua ofisi yake. Kwa miaka kadhaa hakuna aliyekuwa akimzungumzia sana. Halafu akaja Otto Preminger.

Preminger alikuwa mwelekezi mkali, mtu wa kufokea watu na kupigana na wakubwa wa Hollywood. Mwaka 1954 alikuwa anatengeneza Carmen Jones, muvi ya nyimbo yenye waigizaji weusi watupu, akiwemo Dorothy Dandridge na Harry Belafonte. (Ndiyo, Belafonte yule aliyerekodi Malaika na Miriam Makeba. Muulize nyanya yako.) Bass aliitwa achore nembo ya matangazo, akachora ua la waridi na mwali wa moto. Wawili hao wakaitazama, na wazo likazaliwa: mbona lisichezechezwe kwenye skrini, mwanzoni mwa muvi yenyewe? Ikawa hivyo. Majina yakapita juu ya moto unaowaka kwenye ua.

Hadi hapo bado ni mapambo tu. Kitu kizito kilikuja mwaka uliofuata.

The Man with the Golden Arm ilikuwa muvi hatari kwa mwaka 1955. Frank Sinatra anaigiza jamaa aliyetoka jela, mraibu wa heroini. Hollywood ilikuwa na kanuni zake za maadili, na mojawapo ilikataza kabisa kuonyesha uraibu wa dawa za kulevya. Muvi ilinyimwa muhuri wa idhini. Preminger akaitoa hivyo hivyo, bila muhuri, na mwaka uliofuata kanuni yenyewe ikalegezwa.

Sasa jiweke kwenye nafasi ya Bass. Unatangaza vipi muvi ambayo hairuhusiwi kuwepo? Ukichora sindano, umejimaliza. Ukiweka sura ya Sinatra akitabasamu, umewadanganya watu. Alichora mkono. Mkono mweusi, umepinda vibaya, una kona kona kana kwamba umekatwa kwenye karatasi na mtu anayetetemeka. Ukiijua hadithi unaona vile mkono ule una kazi tatu: jamaa ni mgawa karata kwenye kamari, anaota kuwa mpiga ngoma, na ni kwenye mkono huo sindano inaingia. Umbo moja, maana tatu, na hakuna aliyetaja dawa za kulevya.

Mwanzo wenyewe ni rahisi kiasi cha kukuudhi. Skrini nyeusi. Jazi ya Elmer Bernstein inaanza kugonga. Fimbo nyeupe inashuka kutoka juu. Nyingine. Nyingine tena. Zinaingia kutoka pande zote, majina yanapita katikati yake, zinakaa kama vyuma vya dirisha la seli au mishipa, chagua mwenyewe. Mwishowe zinajikunja na kuwa ule mkono. Ni karibu dakika moja na nusu, na kabla Sinatra hajaonekana wewe tayari umekosa raha.

Hapa ndipo pazia linaingia. Siku hizo kumbi za sinema Marekani zilikuwa na pazia mbele ya skrini. Majina yalipoanza, pazia lilikuwa bado limefungwa, na mwendesha projekta aliyamulika juu ya kitambaa hicho huku watu wakitafuta viti na kugawana bisi. Pazia lilifunguliwa majina yakiisha, ndipo muvi halisi ikaanza. Ni mwenye kibanda wa Kayole kabisa, ila kwa suti. Kwa hivyo mikebe ya The Man with the Golden Arm ilipotumwa kwenye kumbi ilibandikwa maagizo kwa waendesha projekta: pazia lifunguliwe kabla ya majina.

Mimi hilo agizo nalipenda kuliko tuzo zote ambazo Bass alipata baadaye. Lilikuwa linasema muvi inaanza sekunde ya kwanza, na usipokuwa umekaa, hiyo ni shida yako.

Baada ya hapo simu haikunyamaza. Alfred Hitchcock alimwita mara tatu mfululizo, na ukitaka kujua mwanzo wa muvi za taharuki za leo ulitoka wapi, tazama hizo tatu. Kwa Vertigo ya 1958, kamera inasogea kwenye uso wa mwanamke, mdomo, macho, kisha jicho moja linajaza skrini, kila kitu kinageuka chekundu na kutoka ndani ya jicho unatokea mzunguko unaojizungusha bila mwisho. Muvi inahusu jamaa anayeogopa mahali pa juu na anayezama ndani ya tamaa isiyo na sakafu, nawe unapewa kizunguzungu chake kabla hujajua jina lake. Ile mizunguko ilitengenezwa na msanii John Whitney kwa mashine iliyokuwa imeundwa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia kusaidia mizinga kulenga ndege. Chuma cha vita kinachora ndoto! Siku hizi kila series ya upelelezi ikianza na jicho limefunguka ghafla, kumbuka limetoka hapo.

North by Northwest ya 1959 ni kitu kingine. Skrini ya kijani kibichi, mistari inakatana kama karatasi ya hesabu, majina yanapanda na kushuka juu yake kama lifti. Halafu polepole ile mistari inageuka kuwa madirisha ya ghorofa ya vioo New York, magari yanaonekana humo kama kwenye kioo. Kisha umati unamiminika kutoka kazini, na Hitchcock mwenyewe anafungiwa mlango wa basi usoni. Hapo umeambiwa yote: mtu mmoja wa kawaida, jiji kubwa lisilomjali, na makosa madogo yanayoweza kumtokea yeyote.

Na Psycho, 1960. Mistari ya kijivu inakata skrini huku na kule, majina yanavunjika vipande na kuunganika tena, na zeze za Bernard Herrmann zinakukwaruza masikio. Hakuna damu, hakuna kisu, hakuna mtu. Muvi inahusu mtu aliyevunjika ndani, na hata herufi zimevunjika. Niliitazama mchana, mlango wazi, na bado nilisimama nikauangalia mlango.

Psycho pia ilimletea vita ambavyo havijaisha hadi leo. Bass ndiye aliyechora, picha kwa picha, mpango wa lile tukio la bafuni, na kwenye majina anatajwa kama mshauri wa picha. Miaka baadaye akadai kwamba hata kulielekeza alilielekeza yeye, Hitchcock akiwa pembeni. Janet Leigh, ambaye ndiye aliyekuwa chini ya yale maji, alikana kabisa, na wengine waliokuwepo wakakana pia. Mimi namwamini Leigh. Na naona Bass hakuhitaji dai hilo. Ile michoro yake inatosha, mtu yeyote akiiweka kando ya tukio lenyewe anaona inavyofanana. Lakini ndivyo mtu anavyokuwa akifungulia wengine mlango kila siku: kuna siku anataka kuonekana ameketi sebuleni.

Nikienda polepole hivi kwa kila muvi hutalala leo, kwa hivyo chukua hizi haraka. Anatomy of a Murder, 1959: maiti ya karatasi imekatwa vipande, kichwa huku, mguu kule, muziki wa Duke Ellington, na hapo umeshajua ni kesi ya mauaji itakayochambuliwa kiungo kwa kiungo. Spartacus, 1960: sanamu za mawe za Kirumi, mikono, panga, ngumi, na mwisho uso wa jiwe unapasuka. Dola lenye nguvu, na ufa tayari uko ndani. Walk on the Wild Side, 1962: paka mweusi anatembea usiku, anakutana na mweupe, wanapigana. Ni paka tu, walai, na ni bora kuliko muvi yenyewe. Grand Prix, 1966: injini, skrini imegawanywa vidirisha vingi, boliti, mabomba ya moshi, macho ya madereva. Kila muvi ya magari unayoipenda imekopa hapo.

Lakini kuna jina ambalo sijalitaja, na ni kosa ambalo karibu kila mtu hulifanya. Elaine Makatura alikuja kufanya kazi katika ofisi ya Bass katikati ya miaka ya 1950. Walianza kutengeneza mianzo pamoja, Spartacus ikiwa mojawapo, na mwaka 1961 wakafunga ndoa. Wakafanya kazi bega kwa bega hadi mwisho, karibu miaka 40. Sasa waulize watu wanaojidai wanajua sinema, wengi watakuambia Saul Bass, nukta. Hili linaniudhi. Hasa kwa sababu hii ni kazi ya majina! Watu wawili wanakaa usiku wakipanga jina la kila mtu litokee wapi, kwa ukubwa gani, kwa sekunde ngapi, na la mmoja wao linasahaulika. Kwenye kazi zao za miaka ya 1990 utayaona majina yote mawili. Ilichukua muda.

Mwisho wa miaka ya 1960 mambo yalibadilika. Mtindo ulikuwa umeenea. Uingereza, Maurice Binder alishaanzisha ule mtutu wa bunduki wa James Bond tangu 1962, na kila prodyusa alitaka mwanzo wenye madoido hata kama muvi ilikuwa haina kitu. Waelekezi vijana nao wakataka kuanza muvi moja kwa moja, bila mchoro. Simu za Hollywood zikapungua.

Bass hakukaa kulia. Aliingia kwa nembo za makampuni, na huko amekufuata hadi nyumbani bila wewe kujua. Kengele ya kampuni ya simu ya Bell, 1969. Ile U ya United Airlines inayofanana na ua la tulipu, 1974. Dunia yenye mistari ya AT&T, 1983. Nembo ya Minolta, ile iliyokuwa kwenye kamera za mapaparazi waliotupiga picha Uhuru Park siku za Krismasi. Wazo ni lile lile la mkono mweusi: umbo moja, tupa vingine. Na kati ya hayo akatengeneza filamu fupi, Why Man Creates, ya 1968, ikampa Oscar.

Sasa njoo nyumbani. Hii sehemu ndiyo iliyonifanya niandike.

Baada ya miaka karibu 20 ya kufungulia watu wengine muvi zao, Bass alipewa nafasi ya kuelekeza muvi yake mwenyewe, ndefu, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Inaitwa Phase IV, ilitoka 1974. Hadithi ni ya sisimizi. Kitu kinatokea angani, na sisimizi wa jangwa la Arizona wanaacha kupigana wao kwa wao, wanaanza kupanga. Wanasayansi wawili wanajifungia kwenye kituo cha utafiti, msichana mmoja anajiunga nao, na polepole unatambua kwamba wanaochunguzwa si sisimizi.

Ile Arizona unayoiona si Arizona. Matukio ya ndani yalipigwa studio za Pinewood, Uingereza. Ya nje yalipigwa hapa kwetu, Kenya. Lile vumbi, ule ukame, lile jua linalochoma hadi skrini inaonekana imepauka, ni letu, limevalishwa jina la Marekani. Tumezoea nchi yetu ikiigiza nafasi yake yenyewe: simba, machweo, mzungu kwenye Land Rover. Hapa iliigiza mahali pengine na ikafaulu kiasi kwamba sijawahi kukutana na Mkenya wa umri wangu anayejua.

Na mwanzo wake? Dakika nyingi za kwanza hakuna mwanadamu kwenye skrini. Ni sisimizi tu, wamepigwa picha karibu sana hadi unaona nywele za miguu, wanapita kwenye mapango yao, wanakutana, wanaambiana kitu. Bass aliamini utakaa na kutazama. Mimi nilikaa. Saa nane usiku, data ya kukopa, na sikugusa kitufe chochote.

Watu wa mwaka 1974 hawakukaa. Muvi ilianguka. Haikuwa na staa mkubwa, studio ya Paramount haikujua kama ni ya kutisha au ya sayansi, na ikauzwa kama muvi ya wadudu wanaokula watu, jambo ambalo siyo. Kumbuka yale makubaliano tuliyoanza nayo. Bango liliahidi kitu kimoja, muvi ikatoa kingine, na mtazamaji aliyelipia kuogopa akapewa mambo ya kufikiri. Mtu aliyewafunza wengine kuahidi vizuri akaahidiwa vibaya na wauzaji wake.

Kibaya zaidi, studio ilikata mwisho. Bass alikuwa ametengeneza dakika kadhaa za kufunga, picha juu ya picha, kama ndoto, zikionyesha maisha mapya ya binadamu chini ya utawala wa sisimizi. Zikaondolewa. Muvi ikatoka na mwisho mfupi unaokuacha ukiangalia skrini kama mtu aliyeshukishwa matatu kabla ya stage yake. Mtu wa mianzo akanyang'anywa mwisho. Hakuelekeza muvi nyingine ndefu tena maishani mwake.

Kwa muda akawa jina la zamani. Kilichomrudisha ni kwamba watoto waliokua wakitazama mianzo yake sasa walikuwa waelekezi wenyewe. James L. Brooks alimwita kwa Broadcast News, 1987. Ikafuata Big. Mwaka 1989 wakatengeneza na Elaine ule wa The War of the Roses, vichekesho kuhusu mume na mke wanaoachana kwa ubaya: kitambaa laini kinajaza skrini, unadhani ni shuka za wapenzi, kamera inarudi nyuma, kumbe ni leso, na Danny DeVito anapenga kamasi ndani yake. Ndoa yote ndani ya kitambaa kimoja.

Halafu Martin Scorsese. Goodfellas, 1990, majina yanapita kwa kasi kama magari kwenye Thika Road usiku. Cape Fear, maji meusi yenye kitu chini yake. The Age of Innocence, 1993, maua yanafunguka nyuma ya kitambaa cha lesi, moja baada ya lingine, hadi unaona haya kutazama, na hiyo ni muvi ya mapenzi ambayo watu hawavui hata glavu bila kufikiria. Na Casino, Novemba 1995: Robert De Niro anaingia kwenye gari, linalipuka, na mwili unarushwa hewani. Unaanguka polepole katikati ya moto, moto unageuka kuwa taa za Las Vegas, na juu yake wanaimba muziki wa kanisa wa Bach. Jamaa mdogo mweusi kwenye bahari ya rangi. Ukisimamisha picha hapo, ni karatasi iliyokatwa ile ile ya 1955.

Alikuwa na miaka 75 na hiyo ndiyo iliyokuwa ya mwisho. Saratani ilimuua Los Angeles tarehe 25 Aprili 1996, siku 13 kabla ya kufikisha miaka 76.

Wakati huo kijana mwingine, Kyle Cooper, alikuwa amewatisha watu na mwanzo wa Se7en, daftari na nyembe na vidole, na mianzo ikawa na heshima tena. Mwaka 2002 Catch Me If You Can ikaanza na michoro ambayo ukiiona tu unajua imemwinamia nani. Mwaka 2007 Mad Men ikaweka kivuli cha jamaa wa suti anayeanguka kati ya maghorofa. Mwaka 2013, siku ambayo Bass angefikisha miaka 93, Google iliivalisha nembo yake mitindo ya mianzo yake.

Zile dakika zilizokatwa kwenye Phase IV zilikuwa zimehesabiwa kama zimepotea. Kumbe hazikutupwa. Filamu ilikuwa imehifadhiwa, ikapatikana, na mwaka 2012, miaka 38 baada ya studio kuzikata, zikaonyeshwa kwenye ukumbi Los Angeles. Ziko hata mtandaoni ukitafuta. Nilimpelekea jamaa wa movie shop wa mtaani kwetu kwenye flash, kwa sababu yeye bado anaamini hakuna muvi nzuri isiyo na Jason Statham. Alipeleka mbele sekunde tano. Kisha akarudisha nyuma, akavuta kiti.